Kijani cha Bwawa la Pili

Bwawa la majitaka likiwa na afya huwa na rangi ya mlenda. Nazungumzia la pili, lile kubwa, kwa sababu yako matatu. La kwanza ndilo linalopokea mzigo wa magari ya kunyonya vyoo. Ni refu kwenda chini, jeusi, na mapovu yake hupanda polepole kama ya uji mzito jikoni. Uchafu unatulia huko chini na kuoza. La pili ni pana, na jua linalipiga kutwa. Humo huota vimea vidogo mno vya kijani, huwezi kukiona kimoja kimoja, ila vikiwa pamoja vinayapa maji ile rangi. Vinayapa na hewa, na wadudu wanaokula uchafu hupumua hewa hiyo. La tatu ni la kina kifupi, jua linapenya mpaka chini na kuua vijidudu vya kuhara. Bata maji hulipenda. Kutoka hapo maji hupita kwenye bomba, yanateremka mfereji wa mawe, yanaingia mto Ntundu.

Kuuita mto ni kuuheshimu tu. Mvua zikikatika Ntundu unabaki mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yanajificha chini ya mchanga. Wanawake wanachimba. Kila mmoja ana kisima chake, amekizungushia miiba ng'ombe wasikibomoe, na huchoti kwenye kisima cha mwenzako mpaka ukaribishwe. Asubuhi mwenye kisima anachota kwanza maji yaliyolala, anawamwagia mbuzi, halafu anakaa kusubiri mapya yajikusanye. Ndiyo maana kule mtoni watu wanajuana sana. Wana muda wa kukaa.

Mimi nilikuwa mtunza mabwawa. Nilitoka Kilimatinde, kwetu Wagogo, nikasomea maji chuoni, nikaajiriwa katika mji huu mdogo ulio kwenye barabara ya Kiomboi, nikapewa nyumba ya chumba na sebule ndani ya uzio, karibu na geti. Mji wenyewe uko nyuma ya kilima. Kutoka kwangu unaonekana mnara wa simu na mapaa machache, basi. Wenyeji wakiwa wenyewe wanaongea Kinyiramba, na mimi sikijui. Nikifika wanahamia Kiswahili, kwa adabu, na maongezi yanapungua.

Sisemi walinichukia. Kanisani walinisalimia vizuri, ila mkono ulirudi haraka. Nikikaa kwenye benchi, kati yangu na wa pili palibaki nafasi ya mtu mmoja ambaye hakuja. Vijana wa stendi waliniita Injinia wa Choo, na nilicheka nao, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi ya kucheka. Kilichoniuma ni jumuiya. Jumuiya yetu husali nyumbani kwa mwanachama mmoja kila Jumamosi, kwa zamu, kisha watu wanakunywa chai pale. Zamu yangu ilipofika ilirukwa. Ikazunguka, ikafika tena, ikarukwa tena.

"Siyo kwa ubaya, Dada Redempta," aliniambia mama Dorkas, mwenyekiti wetu. "Kule kwako mbu wengi. Tuna wazee, tuna watoto. Wakipungua tutakuja."

Nilikuwa nimeshanunua vikombe.

Mtu niliyekuwa naye ni Stumai. Anauza mchicha na matembele sokoni, ana watoto watatu, mumewe yuko migodini na hupiga simu akikumbuka. Tulijuana mtoni. Kazi yangu ilinitaka nishuke kila mara kukagua maji yanavyoingia mchangani, na nilipita kandokando nikiwa nimeinamisha kichwa, mpaka siku moja sauti ikaniita.

"Wee dada! Mbona unapita kila siku kama askari wa misitu? Umempoteza nani huku?"

"Naangalia maji."

"Maji yanaangaliwa kwa mdomo. Njoo unywe."

Akachota kwa kata yake ya kibuyu, akanipa. Nikanywa. Yalikuwa baridi na yenye harufu kidogo ya mchanga. Nilipomrudishia, yalikuwa yamebaki kidogo ndani, na yeye akayamalizia. Pale pale, bila kuyamwaga, bila kusuuza kata. Nadhani hakujua kuwa alifanya jambo. Mimi nilitembea hadi nyumbani nikiwaza kata ile.

Baadaye alinifundisha kuchimba. Mchanga unausukuma nyuma kati ya miguu kama kuku. Akacheka mikono yangu, akasema ni mikono ya kalamu. Akaniambia, "Hiki ni chetu sasa. Ukija na mimi sipo, chota." Wenzake walikuwa wamechimba mbali kule chini kwenye kona ya mto, na yeye ndiye aliyewavuta waje huku juu, karibu na mfereji, ambako maji hayaendi chini sana. Walisita. Aliwaambia, "Rede ni wangu. Maji yake nayajua."

Mwaka huo, alizeti zilipokuwa zinavunwa, niliugua malaria. Ilinishika vibaya mpaka nikapelekwa hospitali ya Kiomboi, nikalazwa. Stumai alimpa Derick, dereva wa gari la majitaka, chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi aniletee. Derick alipoingia wodini alisema kwa sauti ya kusikika na kila mgonjwa, "Usiogope, Injinia, hii chupa nimeiweka mbele, siyo nyuma kwenye tangi." Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka hadi drip ikatikisika.

Niliporuhusiwa nilirudi kwa basi, nikashuka barabarani, nikatembea. Kabla sijamaliza kupanda kilima upepo uliniletea harufu. Mabwawa yana harufu yake ya kawaida, ya udongo na majani yaliyolowa. Hii ilikuwa ya yai viza.

Bwawa la pili halikuwa kijani. Lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa masufuria, na juu yake palikuwa pametanda utando unaometameta, zambarau na njano, ulionyooka bila kiwimbi hata kimoja ingawa upepo ulivuma. Bata maji hawakuwepo.

Mzee Chediel, mlinzi wetu, alikuja mbio kunifungulia geti. Ni mtu wa Itigi, amefanya kazi ya kukarabati reli ujana wake wote, na bado anavaa shati la kazi lililofifia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu geuka nikuone. Umekwisha! Imebaki shingo na macho." Akapokea mfuko wangu. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeficha zawadi. "Leo utalala bila chandarua."

"Kwa nini?"

"Nimewamaliza."

"Akina nani?"

"Mbu. Hao waliotaka kukuua."

Nikaona madumu matupu yamepangwa ukutani, meusi mdomoni.

"Umewamaliza kwa kitu gani, mzee?"

"Oili chafu," akasema. "Nimeomba gereji zote za mjini. Sisi Itigi, stesheni, nilipokuwa kijana, mabwana afya walikuwa wanapita na pampu mgongoni. Dimbwi lolote wanamwaga oili. Viluwiluwi vinakosa pumzi, vinakufa. Hata mbu mmoja ulikuwa huoni. Nikasema mwanangu amelazwa, mimi nimekaa tu hapa na rungu, nalinda nini? Na mama Dorkas nimemwambia. Nimemwambia hawana kisingizio tena, Jumamosi waje."

Nilisimama pale na kichwa bado kikiwa chepesi kwa dawa. Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira nikaikosa, kwa sababu nilikuwa namwona mzee huyu akizunguka gereji moja hadi nyingine na dumu lake, akiomba kwa ajili yangu.

"Mzee," nikasema, "na bwawa nalo linapumua."

"Linapumua?"

"Kwa juu. Kama viluwiluwi."

Alitazama bwawa. Kisha akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani kama tuko mazishini.

"Nimeliua?"

"Sijui bado."

Nililizunguka la tatu. Upande yanakoingilia maji kutoka la pili lilikuwa limeanza kuwa kijivu, na nyuzi za mafuta zimeganda kwenye mawe. Upande wa pili, penye bomba la kutokea, lilikuwa bado kijani. Kijani kilichochoka, lakini kijani. Maji yaliyokuwa yakitoka yalionekana mazuri kwa macho. Macho hayatoshi. Nilifunga koki ya kutokea, nikafunga na njia ya kati ya la pili na la tatu.

Honi ikalia getini. Derick.

"Injinia umefufuka! Fungua, nimebeba choo cha gesti."

"Hiki cha mwisho, Derick. Mwaga kwenye bwawa la kwanza, halafu usilete tena mpaka nikuambie."

"Nisilete? Watu wanajaza kila siku, mimi nikipeleke wapi, kwa mama mkwe?"

"Wakae nacho kidogo. Ukimwaga porini nitajua."

Alinitazama, akaona sikuwa natania, akaliingiza gari.

Nikampigia bosi wangu, Raymond, aliye Singida mjini. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema niweke maji ya mfereji na ya kisima kwenye chupa, nimpe kondakta wa basi, maabara watapima. Boza la maji ya kunywa atalileta kesho. Halafu akasema, "Sasa, watu wa mtoni."

"Tusubiri majibu ya maabara, bosi?" nikauliza.

Nilitamani aseme ndiyo. Nilitamani sana.

"Yatachukua siku kadhaa," akasema. "Inawezekana hakuna kilichofika. Inawezekana kimefika. Mimi niko mbali, Redempta. Wewe ndiye unayewaona wanaokunywa. Unaonaje?"

Niliwaona. Nilimwona mtoto wa mwisho wa Stumai, anayekunywa moja kwa moja kutoka kwenye ndoo kwa kuingiza uso mzima. Niliiona pia kata. Nikimwambia Stumai, nilijua ninachokwenda kukipoteza, na sikuwa na kingine mahali pake. Nikisubiri, pengine simu ingepigwa kutoka maabara, kila kitu kiko sawa, na hakuna ambaye angejua. Nilikaa kwenye tuta nikiwa na chupa mbili tupu mapajani. Kisha nikajaza moja kwa maji yaliyobaki mferejini, nikateremka.

Jua lilikuwa limeanza kulegea na wanawake walikuwa wengi. Niliwasikia kabla sijawaona, Kinyiramba na vicheko. Nilipotokea kwenye ukingo, wakahamia Kiswahili.

"Shikamoo, mama Dorkas. Shikamooni."

"Marahaba, marahaba! Umepona? Mungu ni mwema." Mama Dorkas alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jumamosi tunakuja kwako. Mzee wako ametutangazia mji mzima kuwa mbu wamekufa. Upike mandazi, usituwekee mkate wa dukani."

"Rede!" Stumai aliinuka kutoka kisimani, magoti yamejaa mchanga. "Mwone! Si nilisema atarudi mwembamba kama mnyoo? Njoo, nimekuachia ya juu, yametulia." Akachota, akaninyooshea kata.

Sikuipokea.

Kwetu sote, Mgogo au Mnyiramba, mtu akikupa maji unapokea, hata kama huna kiu unagusisha mdomo. Mkono wake ulibaki hewani.

"Usinywe, Stumai," nikasema. "Yamwage."

"Nini?"

"Bwawa limeharibika. Limemwagiwa oili. Maji yake pengine hayakusafishwa sawasawa, na pengine yameshuka. Nimefunga. Msichote huku juu kwa sasa. Kesho boza litakuja."

Nilikuwa nimejiandaa njiani. Nilikuwa na maneno mengi zaidi: kwamba kabla mabwawa hayajachimbwa magari yalikuwa yanamwaga korongoni kule juu na kila mvua ya kwanza ilishuka na kipindupindu, kwamba tangu hapo maji yamekuwa yakipimwa na yametoka safi, kwamba mabwawa yenyewe ndiyo yanayoulinda mto huu. Hayakufika mdomoni. Nikizungumza mbele ya watu zaidi ya wawili, huwa hivyo.

"Ngoja kwanza," mama Dorkas akasema. "Rudia polepole. Vyoo vya mjini vimeingia humu?"

"Sijui kama vimeingia. Vinaweza."

"Hujui! Sasa kule chuoni ulisomea nini?"

Mmoja akacheka, siyo kwa furaha.

"Na hiyo oili kamwaga nani?"

"Sisi wa bwawani."

"Ninyi wa bwawani." Alisimama, akabeba ndoo yake. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Tukae kule kwenye kona kwa mama zetu. Tukaambiwa hapana, njooni juu, karibu, mabega yatapumzika." Hakumtaja aliyesema. Hakuwa na haja; wote walikuwa wanamtazama Stumai.

Stumai bado alikuwa ameshika kata. Akaimwaga taratibu pembeni ya mguu wake, na mchanga ukanywa.

"Mimi ndiye niliyewaleta hapa," akaniambia, kwa sauti ya chini, kana kwamba tuko wawili. "Kwa jina lako."

"Najua."

"Mwanangu amekunywa asubuhi."

"Akiumwa tumbo nipigie, usiku au mchana, tutampeleka—"

"Nitampeleka mwenyewe."

Akaanza kukifukia kisima. Alitumia mguu, akisukuma mchanga ukingoni, na kila ukiporomoka maji yalitoa sauti kama mtu anayemeza. Niliinama kumsaidia. Akasema, "Acha." Nikaacha. Alipomaliza akang'oa miiba, akaifunga kama mzigo wa kuni kwa kipande cha khanga, akajitwika pamoja na ndoo tupu, akaondoka na wengine. Nikajaza chupa ya pili kwenye kisima cha jirani ambacho hakuna aliyekifukia. Nilikuwa nalia, ila kazi ya kujaza chupa haihitaji macho makavu.

Mtoto hakuumwa. Niliambiwa na Derick, sikuambiwa na mama yake.

Jumamosi hakuja mtu. Nilikuwa nimepika mandazi hata hivyo, sijui kwa nini. Mchana mzee Chediel alibisha hodi mlangoni akiwa amefua shati lake la reli na kulinyoosha kwa mikono, akaketi sebuleni, akanywa chai kwa kikombe kimoja, kisha akaomba cha pili, na akasisitiza kiwe kikombe kingine. Hivyo hivyo, mpaka vikombe vyangu vyote vipya vikawa vimetumika.

"Ningesema ni mimi," aliniambia. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ulikuwa unanitibu, mzee."

Alikula andazi la mwisho kwa uangalifu, kama dawa.

Kazi ya kuliponya bwawa tuliifanya wawili. Tulifunga nyasi kavu kwenye kamba ndefu, mafungu mafungu, yeye akashika ncha moja kwenye tuta la kaskazini na mimi la kusini, tukatembea tukiivuta juu ya maji kama wavuvi wanaokokota wavu. Nyasi zilitoka nyeusi, zinadondosha oili. Tukazirundika shimoni, tukafunga mpya, tukarudi mwanzo. Kutoka barabarani wanawake walituona wakienda kwenye boza na kurudi. Nilikuwa nikijua Stumai yupo kati yao kwa jinsi anavyobeba, mkono mmoja kiunoni. Sikuinua mkono, naye hakuinua.

Utando ulipokwisha, bwawa lilibaki kijivu, limekufa kimya. Hapo nilianza kuchota maji ya kijani kwenye kona ile ya bwawa la tatu ambayo haikuguswa, ndoo baada ya ndoo, na kuyamwaga kwenye la pili. Mzee Chediel aliniuliza kama naongeza maji kwenye maji. Nikamwambia ni kama kuchukua chachu ya jana kuweka kwenye unga wa leo. Hilo alilielewa upesi, akachukua ndoo yake.

Simu ya maabara ilikuja nikiwa nimesimama ndani ya mfereji nikifagia majani. Maji yaliyotoka yalikuwa sawa. Ya kisima yalikuwa sawa. Bwawa la tatu, likiwa limechoka hivyo, lilikuwa limeshikilia mpaka nilipofunga koki. Hakuna kilichokuwa kimefika mtoni.

Nilimwambia Derick, kwa sababu ndiye aliyekuwepo getini. Akapiga usukani kwa kiganja.

"Yaani ungenyamaza tu! Ungekuwa umeshaimbiwa pambio na jumuiya, umekula nao mandazi yako, na Stumai wako unaye."

"Labda."

"Siyo labda. Hesabu iko wazi."

Nilimtazama bata maji wa kwanza aliyekuwa amerudi, yuko peke yake kwenye kona ambako rangi ilianza kurudi, kijani hafifu kama maji ya kuoshea mboga. Siku ile kwenye tuta sikuwa na simu ya maabara. Nilikuwa na chupa tupu. Sikujua namna ya kumweleza Derick hivyo, nikamfungulia geti, magari yakaanza tena.

Bwawa liliporudi kuwa mlenda kabisa, nikatuma maji mengine maabara, yakarudi mema, nikafungua koki. Nikaenda kwa mama Dorkas baada ya ibada kumwambia. Alinisikiliza vizuri.

"Tumefurahi," akasema. "Boza nalo limesema linakoma. Ila sisi tumeshachimba kwenye kona. Ni mbali, lakini tumezoea. Hayo ya juu utakunywa wewe?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza tu.

Nikashuka nikachimba kisima changu. Sikuwahi kuwa na changu. Nilichokuwa nacho ni cha kukaribishwa. Nilichimba juu kabisa, hatua chache tu kutoka mfereji unapoishia, mahali ambapo hakuna mtu angechimba. Nilisukuma mchanga nyuma kati ya miguu kama nilivyofundishwa, mpaka ukawa na unyevu, kisha ukawa mzito, kisha maji yakaanza kujitokeza chini kwa chini, ya rangi ya maziwa, yakatulia yakawa maangavu. Nikanywa kwa kikombe kimoja kati ya vile nilivyoinunulia jumuiya. Nikajaza ndoo nikaenda kupikia.

Nyumbani nina bomba. Lakini kila asubuhi nilishuka, nikachota maji yaliyolala, nikayamwaga kwa kuwa sina mbuzi, nikakaa kusubiri mapya. Kule chini kwenye kona niliwaona, wadogo wadogo, khanga zao, na nikiwa na bahati upepo ulileta kicheko. Stumai alikuwa anapita ukingoni na mboga zake akielekea sokoni.

"Habari za asubuhi," alikuwa akisema.

"Nzuri. Za watoto?"

"Wazima."

Kisha alipita. Nilikuwa naongeza salamu moja kichwani, na nyingine, mpaka ameshaishia kwenye kona.

Tatizo langu lilikuwa ng'ombe. Kuchimba nilifundishwa, kuweka miiba sikufundishwa, kwa sababu cha Stumai kilikuwa na miiba tayari. Nilijaribu. Nilikata matawi nikayasimika, yakaanguka. Nikayalaza, ng'ombe wakayaruka. Kila nilipofika nilikuta kwato na kinyesi na shimo limebomoka, nikaanza upya. Wachungaji walinionea huruma kwa mbali. Mtu haweki miiba kwenye kisima kisicho chake wala cha ndugu yake, ndivyo ilivyo huku, kwa hiyo hakuna aliyenisaidia, na sikutegemea.

Jana nilichelewa. Derick alikuwa ameleta mzigo wa shule, na mzee Chediel alitaka nione bata maji wamefikia wangapi. Nilipofika mtoni jua lilikuwa limeshapanda. Nilishika ndoo, nikajiandaa kuchimba upya.

Kisima kilikuwa kizima. Maji yametulia ndani, yanaonyesha mbingu. Kimezungushwa miiba ya mgunga, matawi mazito yaliyofumwa moja ndani ya lingine, shina ndani na ncha nje, na mlango mdogo umeachwa upande wa mfereji, ninakotokea mimi. Mahali pa mlango tawi la kufungia lilikuwa limefungwa kwa kipande cha khanga. Mchanga pembeni ulikuwa na nyayo, na umbo la ndoo iliyowekwa chini kwa muda.

Niliangalia ukingoni, hakukuwa na mtu. Niliangalia kwenye kona. Walikuwepo wanawake, lakini kwa umbali ule khanga zote zinafanana.

Nikafungua mlango, nikaingia, nikapiga magoti. Maji yaliyolala yalikuwa pungufu. Mtu alikuwa ameshachota. Nikakaa kusubiri mapya, na nilipokunywa niliacha kidogo ndani ya kikombe, nikakilaza kikombe pale kwenye mchanga, ndani ya miiba, kisha nikafunga mlango kwa kile kipande cha khanga, fundo lile lile kadiri nilivyoweza kulikumbuka. Juu getini Derick alikuwa anapiga honi. Nikapanda.